Aliye Kwenye Lami

Jumatatu, 6 Machi 2006. Kitale.

Mahindi tena. Asubuhi nzima nje ya ghala la mnunuzi mmoja, nikiongea na wakulima waliokataliwa magunia yao kwa sababu ya unyevu. Meneja hakutoka ofisini. Mhariri aliomba picha ya mkulima akilia. Hakuna aliyelia. Nilimtumia ya mkulima akila ndizi juu ya gunia. Hajajibu.

Vumbi kila mahali. Keshokutwa Bungoma, kikao cha madiwani.

Jumatano, 8 Machi.

Sikufika Bungoma. Ajali kwa Makokha.

Kwa Makokha ni duka moja na kibanda cha kinyozi, kati ya Kamukuywa na Misikhu. Hapo barabara ya changarawe inapanda kutoka mtoni na kuingia kwenye lami ya Kitale kwenda Webuye. Mlima mfupi, mkali. Matrekta ya miwa hupitia hapo mchana kutwa.

Nilifika kabla ya polisi. Trekta lenye trela mbili, limekatiza lami. Gari dogo jeupe limeingia chini ya trela ya kwanza mpaka kiti cha mbele. Dereva wa gari alikuwa amekufa. Mke wake alitolewa kupitia dirisha la nyuma, mkono umevunjika. Hakupiga kelele. Alikuwa akiulizia viatu vyake.

Watu walikuwa wakiokota miwa iliyomwagika. Wengine ili wafungue njia, wengine ili waende nayo. Nimeandika yote mawili.

Marehemu ni Mwalimu Mutua. Alihamishwa kutoka Machakos, alikuwa anakwenda kuripoti kwenye shule moja karibu na Kitale. Hakuwa amewahi kupita barabara hii.

Dereva wa trekta alikaa kando ya lami, mikono juu ya magoti. Namjua kwa sura, nimepishana naye hapo miaka mingi. Leo ndiyo nimejua jina lake. Simiyu.

Alhamisi, 9 Machi.

Nimezungumza na Simiyu kituoni. Sajini Barasa wa trafiki aliniruhusu, akabaki mlangoni. Maneno ya Simiyu, kama alivyoyasema:

"Mimi sikusimama. Pale hatusimamangi. Trekta ikisimama pale na mzigo, inarudi nyuma mpaka kwa mto. Watu wa hii balabala wanajua. Ukiona miwa inapanda, unangoja kwa lami. Hata huyu Sajini hungoja. Si umuulize."

Nilimtazama Sajini. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Sheria yenyewe ni fupi. Anayeingia barabara kuu humngoja aliye juu yake. Nilijifunza hilo Bungoma kwenye ubao wenye barabara zilizochorwa na vigari vya plastiki. Nilijibu vizuri, nikapewa leseni. Kisha nikaja kufanya kazi huku, na kwa Makokha nikaanza kuwangoja wanaoingia. Sikumbuki siku niliyoambiwa. Niliona wa mbele yangu wakisimama, nikasimama.

Nimetuma habari ya sehemu mbili. Ya kwanza maneno ya Simiyu kuhusu kutosimama. Ya pili desturi ya pale, na kwamba hakuna kibao kinachomweleza mgeni.

Jumamosi, 11 Machi.

Wamechapisha sehemu ya kwanza. Kichwa cha habari: "Sikusimama," Asema Dereva wa Trekta. Mahali pa sehemu ya pili kuna tangazo la mbegu.

Nilimpigia mhariri. "Nafasi, dada. Tangazo lilikuja mwisho. Na hiyo ingine ilikuwa kama insha ya mawakili."

Nimekasirika. Sina neno la kusahihisha. Nukuu ni sahihi yote, na hilo ndilo linalonikasirisha.

Jumatatu, 13 Machi. Bungoma.

Simiyu ameshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari. Amekana. Hana wakili. Mwenye trekta hakuja. Kiongozi wa mashtaka alikuwa na gazeti letu, limekunjwa kwenye ukurasa wangu. Hakulisoma. Aliliweka tu juu ya meza ambapo hakimu angeliona.

Simiyu amerudishwa rumande. Akipatikana na hatia atafungwa. Kila mtu mle ndani alionekana kujua hivyo, naye pia.

Jumapili, 19 Machi. Kitale.

Mgeni baada ya kanisa. Mke wa Simiyu, anaitwa Nekesa. Ametoka Misikhu kunitafuta, akaniulizia sokoni mpaka akaletwa mlangoni.

"Ni wewe mama wa gazeti?"

Nikasema ni mimi.

"Bwana yangu alikuambia maneno mengi. Ukabeba hiyo moja."

Nilimweleza kuhusu tangazo la mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Lakini jina lako ndilo liko juu."

Nikasema ndiyo.

"Basi."

Alikunywa chai yote. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza kama hao wote wanaongoja trekta pale kwa Makokha hawawezi kuja kortini waseme huwa wanangoja. Mtu mmoja, wawili tu. Ili hakimu asifikirie Simiyu ni mwendawazimu aliyeamka siku hiyo akaamua kuua mtu.

Nilimwambia nitauliza. Sikumwahidi lolote zaidi.

Jumanne, 28 Machi. Misikhu.

Nimekaa hotelini na madereva wa malori. Mandazi, chai, redio. Niliuliza swali moja: kwa Makokha nani anapita kwanza?

Dereva wa simenti: "Madam, miwa ni kama bibi arusi. Inapishwa."

Wakacheka. Mwingine, mzee mwenye kofia ya sufu, akasema yeye hupisha hata trekta likiwa bado liko mtoni.

"Wewe si unapisha kwa sababu ya breki zako," yule wa simenti akamwambia. "Ukikanyaga Kamukuywa zinashika Misikhu."

Walinieleza kwa undani. Ukitoka Kamukuywa unatazama moshi mweusi juu ya miwa upande ule. Moshi ukiwa mzito, trekta liko kwenye gia ya chini, linapanda. Unapunguza. Ukiwa unatoka Webuye huoni moshi mpaka ufike karibu kabisa, kona inaficha, lakini unasikia. Mwalimu Mutua alitoka upande wa Webuye. Vioo vya gari lake vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi.

Nikauliza nani ataenda mahakamani kusema hayo.

Mmoja akaongeza sauti ya redio.

"Kortini?" Dereva wa simenti hakuwa anacheka tena. "Niende niseme mimi hupatia trekta haki yangu? Wataniuliza leseni nilipata wapi."

Mzee wa kofia aliniomba nifute jina lake. Sikuwa nimeliuliza.

Jumatano, 12 Aprili. Bungoma.

Mvua imeanza. Matope mpaka mlangoni pa shule ya udereva iliyo nyuma ya msikiti, ile ile niliyosomea. Mzee Athumani bado anafundisha. Ubao ni ule ule, vigari vimepungua.

Nilimwomba anifundishe upya kuingia barabara kuu. Alifurahi. Alisukuma kigari chekundu mpaka ukingoni mwa mstari. "Huyu anasimama. Anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Mwenye lami anapita. Hata kama ni baiskeli, binti yangu, mwenye lami ni mwenye lami."

Nikachukua kiberiti chake, nikakiweka mahali pa kigari chekundu. Nikamwambia hili ni trekta, limebeba miwa, linapanda kutoka mtoni.

"Liko wapi?"

"Kwa Makokha."

"Ah. Pale unalipisha, bana."

"Unawafundisha wanafunzi hivyo?"

"Mtihani hauulizi kwa Makokha."

Alikuwa mkweli, hakuona kasoro yoyote. Nilipomweleza kuhusu Simiyu alikirudisha kiberiti mfukoni. Alisema ni jambo la huzuni. Alisema pia shule yake ina leseni, na leseni hutazamwa upya kila mwaka.

Namwelewa. Namwelewa kila mtu ninayeongea naye. Inachosha.

Ijumaa, 5 Mei. Kitale.

Mke wa marehemu, Bi. Ndunge. Mkono bado uko kwenye plasta. Amerudi kuchukua vitu walivyotanguliza kwenye nyumba ya shule, ambamo hawakuwahi kulala. Godoro bado liko ndani ya nailoni.

Nilimweleza desturi ya kwa Makokha. Nilidhani ana haki ya kuijua. Pengine nilidhani itampunguzia hasira.

"Kwa hivyo watu wote walijua isipokuwa sisi."

Nikasema ndiyo.

"Mume wangu alikuwa kwenye lami. Alikuwa anaendesha polepole, tulikuwa tunatafuta kibao cha shule. Hakuna alichokosa."

Nikasema hakuna.

"Na huyo dereva anasema naye hakuna alichokosa."

Nikasema hivyo ndivyo anavyosema.

"Basi ni mimi nimekosa," akasema. "Nilikuwa natazama upande ule. Niliona moshi. Nikafikiri wanachoma shamba."

Niliacha kuandika hapo. Tulimsubiri mwenye pikapu. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka mlangoni, upande mmoja yeye kwa mkono wake mzima.

Habari hii siipeleki. Mhariri angeipenda sana.

Jumatano, 31 Mei.

Mvua. Mikutano ya siasa. Hakuna la maana.

Jumatano, 7 Juni.

Samansi imeletwa ofisini. Mimi ni shahidi wa upande wa mashtaka. Wanataka nithibitishe kwamba Simiyu alisema hakusimama.

Mhariri: "Nenda, sema habari ni yako, shuka. Usianze kuhubiri."

Sijawahi kuhubiri. Nimekaa mahakamani nusu ya maisha yangu ya kazi, siku zote kwenye lile benchi la pembeni. Nimewaona mashahidi wakijaribu kujibu swali ambalo hawakuulizwa. Hakimu huwanyamazisha. Wanashuka wakiwa wamesema nusu, na nusu ndiyo inayoandikwa.

Jumatano, 14 Juni. Bungoma.

Niandike kwa utaratibu.

Alianza Sajini Barasa. Alieleza vipimo, alama za matairi, mchoro. Kazi safi. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza kama anajua desturi yoyote ya kupisha matrekta mahali pale. Sajini akasema hajui desturi. Anajua sheria.

Simiyu aliruhusiwa kumhoji. Alisimama akishika ukingo wa kizimba. "Sajini, si ni wewe ulikuwa unasimamisha magari pale wakati wa mvua, ndio sisi tupande?"

Sajini akasema huenda alikuwa anaongoza msongamano. Ni kazi ya polisi kuongoza msongamano.

"Lakini ulikuwa unasimamisha wale wa lami."

"Naongoza magari kulingana na hali."

Simiyu akaachia ukingo wa kizimba. Akasema, "Asante, Afande," akakaa. Nekesa alikuwa safu ya pili, na leso kichwani. Hakugeuka.

Kisha mimi. Niliapa. Nikaulizwa kama mshtakiwa aliniambia hakusimama. Nikasema aliniambia. Nikaongeza kwamba alisema na mengine. Kiongozi wa mashtaka akaniomba nijibu swali tu. Niliwajua wote wawili, yeye na hakimu, nimewaandika mara nyingi na kuwanukuu sawasawa. Nikanyamaza.

Nilifikiri Simiyu hatauliza chochote. Aliinuka.

"Mama, wewe unapitanga pale kwa Makokha?"

"Napita."

"Na gari yako?"

"Na gari langu."

"Ukiniona napanda na miwa, unafanyanga nini?"

"Nasimama."

"Kwa nini unasimama na wewe uko kwa lami?"

"Kwa sababu najua hutasimama."

Kulikuwa na minong'ono nyuma. Hakimu akainua kichwa, akaandika. Simiyu akakaa akionekana kama mtu aliyetua gunia. Kwa muda mfupi hata mimi niliona limesaidia. Lilikuwa limesemwa, chini ya kiapo, na mtu asiye na trekta.

Kiongozi wa mashtaka aliinuka tena. Hakuwa na haraka.

"Shahidi, kwa sheria, nani ana haki pale?"

"Aliye kwenye lami."

"Kama ungekuwa mgeni, hujui mazoea haya, ungefanya nini?"

"Ningeenda moja kwa moja."

"Na mshtakiwa angekuja bila kusimama."

"Ndiyo."

"Ungekuwa wapi leo?"

Ningeweza kusema sijui. Simiyu hakujua kwamba swali la kubahatisha kama hilo linaweza kupingwa. Hakuna wakili wa kupinga swali. Nilifikiri juu ya Bi. Ndunge na moshi wake. Nikasema ningekuwa nimekufa.

Wakaniambia nishuke.

Nje, Nekesa alinipita bila kunisalimu. Kisha akarudi, akanipa mkono. Sijui ni wa nini. Nimeupokea.

Alhamisi, 15 Juni.

Habari ya kesi imeandikwa na mwenzangu wa Bungoma kwa sababu mimi ni shahidi. Ameandika vizuri. Ameacha maswali ya Simiyu. Nafasi, nadhani.

Jumatatu, 10 Julai.

Wameweka kibao kwa Makokha. SIMAMA, kwa herufi nyeupe, kipya kabisa. Kimewekwa juu kileleni, pale pale trekta lisipoweza kusimama. Kinyozi anaweka taulo zake zikauke juu yake.

Alhamisi, 3 Agosti. Bungoma.

Hukumu.

Hakimu alisoma kwa sauti ndogo, kurasa nyingi. Alisema anaamini desturi ipo. Alisema hilo wazi, na Nekesa akashika mkono wa jirani yake. Kisha akasema kuwepo kwa desturi ndiko kunakomfunga mshtakiwa. Kwamba mtu anayejua anaponea kwa kungojwa na wengine, basi anajua pia nini kitatokea siku asipongojwa. Akainua karatasi nyingine.

"Shahidi wa pili, mwandishi wa habari, ambaye mahakama inamwona ni mkweli, alisema mwenyewe kwamba asiyejua mazoea haya angekuwa amekufa."

Alinitazama aliposema mkweli.

Miaka mitatu.

Simiyu aliuliza kama anaweza kusema neno. Akakubaliwa. Alimgeukia Bi. Ndunge, ambaye alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Machakos, akasema, "Mama, pole. Nilifikiri mzee ananiona." Bi. Ndunge akainamisha kichwa mara moja. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe.

Mara mbili sasa maneno niliyoyapima vizuri yametumika dhidi ya mtu mmoja. Mara ya kwanza walikata. Mara ya pili hawakukata chochote. Hukumu ni sawa. Nimeipitia njia nzima kurudi Kitale na sipati mahali pa kuipinga. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Niliandika aya nne. Zimetoka zote.

Jumamosi, 26 Agosti.

Nimemtembelea Simiyu gerezani. Amekonda, amenyolewa. Tulikaa tukitazamana juu ya meza, askari kando.

Hakuzungumzia kesi. Aliuliza nani amepewa trekta. Nikamwambia ni kijana mmoja wa Mabanga, simjui.

"Na kile kibao, anasimama?"

"Anasimama."

"Pale juu?"

"Pale juu."

Akatikisa kichwa. "Atachoma klachi. Mwenye trekta atamfuta kabla ya Krismasi." Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akaegemea meza, akanieleza kwa makini kama mtu anayemweleza fundi. Kijana asisimame juu. Asimame chini, karibu na daraja, pale barabara bado ni tambarare. Azime injini. Asikilize lami mpaka kuwe kimya. Ndiyo awashe, apande mara moja. Hata gari lililofichwa na kona atakuwa amelisikia kabla hajafika.

Ni jambo rahisi. Nililielewa papo hapo. Nikamuuliza kwa nini yeye hakuwa akifanya hivyo.

Alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto.

"Kwa nini ningefanya? Si mlikuwa mnangoja."

Jumanne, 29 Agosti.

Nimempata yule kijana wa Mabanga kwenye foleni ya kiwanda cha sukari. Nikampa maneno ya Simiyu yote. Alisikiliza, kofia mkononi. "Asante, mathe. Lakini mwenye trekta amesema nisimame kwa kibao. Polisi wanakaa pale kwa kibao." Akaniuliza kama ninaweza kumwandika kwenye gazeti.

Jumatatu, 18 Septemba.

Safari ya Bungoma, kikao cha madiwani. Jua baada ya mvua ya jana. Kwa Makokha niliona moshi, nikapunguza mwendo.

Trekta lilifika kileleni, likasimama mbele ya kibao. Kijana yule. Nami nilikuwa nimeshasimama kwenye lami. Tulitazamana kupitia vioo. Nilimpungia mkono apite. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye kibao, kisha akanipungia mimi. Nyuma yangu lori likapiga honi.

Trela ya nyuma ilianza kuteleza. Aliruka chini akatafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Kinyozi akatoka kumsaidia, na mteja wake pia, nusu ya kichwa imenyolewa.

Honi tena. Nikatia gia, nikaenda. Haki ilikuwa yangu.